Kwani Mkituambia Mtapungukiwa na Nini?

Kuna maneno matatu ambayo watu wengi wa Machakos waliowahi kutumwa kupigwa picha ya tumbo wanayajua vizuri: "Umekula? Rudi kesho."

Hakuna aliyekuambia usile. Karatasi uliyopewa ina jina lako, ina herufi mbili tatu zilizoandikwa kwa haraka, ina saini. Hakuna mahali pameandikwa uje na njaa ama uje na mkojo. Hakuna mahali pameandikwa utaambiwa uvue nini. Unafika dirishani na hapo ndipo unagundua kulikuwa na masharti, na wewe umeshayavunja.

Mimi si daktari. Niliacha chuo mwaka wa pili, na hata hiyo kozi haikuwa ya udaktari, kwa hivyo wale mnaongoja kuniuliza "umesomea wapi" msijisumbue, nishawajibu. Ninachosema leo hakihitaji digrii. Kumweleza mtu atakachofanyiwa ni sehemu ya kipimo chenyewe. Si zawadi. Si tabia nzuri ya nesi fulani mwenye roho safi. Mtu ambaye hajaelezwa hajakubali, amenyamaza tu, na sisi tumezoea kuita huko kunyamaza kukubali.

Shangazi yangu anaishi upande wa Mwala. Mwaka jana alikuwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, yale ya kuja usiku baada ya kula chapati. Akaandikiwa altrasaundi. Akaamka saa kumi na moja alfajiri, akanywa chai ya maziwa na mandazi kwa sababu ni mtu mzima na safari ni ndefu, akapanda matatu. Akafika mjini, akakaa kwenye laini mpaka saa nne na nusu. Kufika mbele: "Mama, umekula?" Akasema ukweli. Akarudishwa. Nauli ya kwenda na kurudi, siku ya kazi imepotea, kuku hawajafunguliwa, na kesho arudie yote. Hospitali siitaji, kwa sababu hii si habari ya hospitali moja. Ukikaa kwenye matatu yoyote ya Masii utasikia mwingine yake ni hiyo hiyo, jina tu limebadilika.

Sasa sikiliza jinsi jambo lenyewe lilivyo rahisi. Mashine ya altrasaundi inatuma sauti ndani ya mwili, sauti ya juu sana ambayo sikio la mtu haliwezi kusikia. Sauti inagonga ini, inagonga figo, inagonga mtoto, na inarudi. Mashine inachora picha kutokana na kile kilichorudi. Ni mwangwi, kama ule unaosikia ukipiga kelele ukielekea kwenye kilima. Popo anatumia njia hiyo hiyo kutembea usiku. Haina miale kama eksirei, haichomi, na kwa wenye mimba imetumika tangu miaka ya mwisho ya 1950, pale Ian Donald na wenzake wa Glasgow walipochapisha kazi yao kwenye jarida la Lancet mwaka 1958. Walikuwa wamekopa ujuzi wa viwandani, ule wa kutafuta nyufa ndani ya chuma.

Lakini sauti hii ina adui: hewa. Ikikutana na hewa inarudi yote, haipiti. Mfupa nao unaizuia. Ukijua hilo, karibu masharti yote yanajieleza yenyewe. Ndiyo maana unapakwa ile jeli baridi, ni ya kuondoa hewa kati ya ngozi na kichwa cha mashine. Si dawa, haiingii mwilini, na inapanguswa kwa tishu. Ndiyo maana kwa picha ya tumbo la juu, yaani ini, kifuko cha nyongo na kongosho, unaambiwa ukae bila kula saa sita hadi nane: chakula kinaleta gesi, na chai ya maziwa na mandazi vinafanya kifuko cha nyongo kijikunje na kumwaga nyongo, kwa hivyo mawe yaliyomo yanakuwa magumu kuonekana. Shangazi alikuwa anatafutiwa nini? Mawe ya nyongo. Sentensi moja ingetosha. "Mama, kesho usile asubuhi, hata chai ya maziwa, maji kidogo ni sawa." Nimeipima kwa simu, ni sekunde tano.

Na kama mtu ana sukari na anatumia dawa ama sindano, kukaa na njaa bila mpango ni hatari. Huyo anafaa kuulizwa siku anayoandikiwa, apangiwe dawa zake, na awekwe wa kwanza asubuhi. Si kuachwa kwenye benchi mpaka saa saba akitetemeka.

Mkojo nao uko hivi. Picha ya tumbo la chini, yaani kizazi, ovari, mimba changa, ama kibofu chenyewe, na kwa wazee wetu tezi dume, inataka kibofu kimejaa. Kibofu kilichojaa kinasukuma utumbo wenye gesi pembeni, na sauti inapita kwenye maji vizuri sana, kinakuwa kama dirisha. Kwa hivyo unakunywa maji kiasi cha lita moja hivi, saa moja kabla, na hukojoi. Mzee wa tezi dume anaweza kupigwa picha akiwa amejaa, aambiwe aende akojoe, halafu apigwe tena ili waone ni mkojo kiasi gani umebaki. Asipoelezwa, anadhani mashine imeharibika ama wanamchezea. Mimba ikishakua, hayo maji mengi kwa kawaida hayahitajiki tena. Na kama ni shingo, titi, korodani ama mishipa ya mguu, kula chai yako na mandazi yako uende.

Hayo yote yanaenea kwenye karatasi ya ukubwa wa tiketi ya matatu. Kwa nini hatupewi?

Tuingie chumbani sasa, maana huko ndiko watu wanapata presha bure. Taa zinazimwa ama zinafifishwa. Hakuna anayekuambia ni ili kioo kionekane vizuri. Mtu wa altrasaundi anaanza kupitisha kichwa cha mashine, anabonyeza, ananyamaza. Ananyamaza sana. Anakunja uso. Anarudia pale pale mara tatu. Wewe umelala hapo umeshajizika. Kumbe anapima. Anachora mstari kutoka hapa mpaka hapa, anahifadhi picha, anaenda nyingine. Akiita mwenzake aje aangalie, inaweza kuwa kuna kitu, na inaweza pia kuwa anataka jicho la pili tu. Halafu anabonyeza kidude na ghafla kuna nyekundu na buluu kwenye kioo. Nimeongea na mama mmoja hapa Mjini ambaye aliona ile nyekundu akaamini mtoto anavuja damu, akabaki na hiyo siri wiki mbili mpaka kliniki iliyofuata. Wiki mbili, jameni. Ile nyekundu ni Dopla. Inaonyesha damu inayoelekea kwenye kichwa cha mashine, na buluu ni ile inayokimbia kutoka kwake. Ni rangi za mwelekeo, kama mishale. Na ule mlio wa fush-fush ni mashine inageuza mwendo wa damu kuwa sauti.

Najua mtu wa mashine mara nyingi haruhusiwi kukuambia una ugonjwa gani, kazi hiyo ni ya daktari atakayesoma ripoti pamoja na dalili zako. Sawa. Lakini kati ya "una saratani" na kimya cha kaburi kuna maneno mengi sana. "Napima figo sasa." "Vuta pumzi, ishike." "Nikikaa kimya usishtuke, nahesabu." Hayo hayahitaji ruhusa ya mtu.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike. Kuna altrasaundi ya kupitia uke. Inatumika hasa kwenye mimba changa, kwa sababu kichwa cha mashine kinakaa karibu zaidi na kizazi na picha inatoka safi kuliko kupitia tumboni, na pia kwa maumivu ya chini, damu isiyoeleweka, uvimbe. Ni kipimo halali, kizuri, hakitoi mimba, na kikifanywa vizuri ni usumbufu kidogo kuliko maumivu. Sina shida na kipimo. Shida yangu ni vile binamu yangu, miaka 22, alivyoingia chumba fulani akidhani ni jeli na tumbo, kama alivyoona kwenye sinema, na bila salamu akaambiwa na mwanaume asiyemjua: "Toa nguo za chini, panua miguu." Basi. Hakuna shuka. Mlango ulifunguliwa mara mbili mtu akiulizia funguo. Ameniruhusu niliandike hili, jina lake hapana. Aliniuliza kitu ambacho sijapata jibu: "Ningejuaje kama ilikuwa ni kipimo ama ni kitu kingine?"

Msome hiyo tena, nyinyi mnaosema nalalamika.

Haya ndiyo alifaa kuambiwa, na ndiyo wewe ama dada yako mnafaa kujua. Unaelezwa kwanza kwa nini picha ya tumboni haitoshi. Unaenda kukojoa, kwa sababu hiki kipimo kinataka kibofu kitupu, kinyume cha kile kingine. Unaachwa uvue mwenyewe, kwa faragha, unapewa shuka. Kile kichwa ni chembamba, kinavalishwa kondomu mpya mbele yako, kinapakwa jeli. Kama mpira wa kondomu unakuwasha, ndio wakati wa kusema. Unaweza kuomba ukiingize mwenyewe. Unaweza kuomba mfanyakazi mwanamke, na kama hayupo, unaomba nesi mwanamke ama mtu wako awe chumbani. Mlango unafungwa. Ukisema "simama", inasimama. Ukikataa kabisa, unaelezwa njia nyingine iliyopo, hata kama picha yake haitakuwa safi vile, na hutukanwi. Na kama hujawahi kulala na mwanaume, sema, kwa kawaida utafanyiwa kupitia tumboni.

Mtu atasema hizi ni fikra za wazungu, hapa Ukambani hatuna muda huo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 haikutungwa Ulaya, ilipitishwa na Bunge letu Nairobi. Inasema anayekuhudumia akueleze hali yako, vipimo na matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama zake, na haki yako ya kukataa. Inataka ridhaa yako ukiwa umeelezwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inatupa haki ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana, ikiwemo afya ya uzazi, na kifungu cha 28 kinataja utu wa kila mtu. Na kama unadhani hizo ni karatasi tu, uliza Bungoma. Mwaka 2018 Mahakama Kuu kule iliamua kwamba mwanamke aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma, na kudhalilishwa na wauguzi, alivunjiwa haki zake, akapewa fidia ya shilingi milioni 2.5. Alikuwa mwananchi wa kawaida kama shangazi yangu.

Tuongee ripoti. Umelipa, umepimwa, unapewa bahasha. Ndani ni Kiingereza kitupu na maneno ambayo hata mimi na miaka yangu miwili ya chuo nayasoma kama namba za gari. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Sijasema ripoti iandikwe Kikamba, ingawa sijui ingemuua nani. Daktari mwingine ataisoma, hiyo naelewa. Nasema mtu akuketishe dakika moja akuambie kwa lugha yako: hiki kimeonekana, hiki hakijaonekana, sasa unaenda kwa nani. Usiondoke bila hiyo ripoti na picha zako. Zitunze, maana kinachomsaidia daktari mara nyingi ni kulinganisha ya leo na ya mwezi wa tatu.

Na tuambiwe pia kile mashine haiwezi. Hapa tunadanganywa sana. Mtu ana kiungulia miezi sita, anaandikiwa altrasaundi "tuone hizo vidonda vya tumbo". Altrasaundi si kipimo cha vidonda vya tumbo, tumbo limejaa hewa, nimeshasema hewa ni adui. Vidonda vinaonekana kwa kamera inayoingizwa kupitia mdomoni. Kwa hivyo ripoti inatoka "sawa", mtu anarudi nyumbani na maumivu yake na deni lake, anaambiwa ni mawazo. (Zile hema za sokoni za kushika chuma mkononi halafu kompyuta inakuambia figo imechoka, hizo hata si altrasaundi. Hifadhi pesa yako.)

Tarehe ya kujifungua vilevile. Picha ya miezi mitatu ya kwanza ndiyo inapima umri wa mimba vizuri, inakosea kwa siku chache tu. Ya mwisho mwisho inaweza kukosea kwa wiki mbili hata tatu, kwa sababu watoto wanakua tofauti. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza kila mjamzito apate walau altrasaundi moja kabla ya wiki 24. Moja, mapema. Lakini wetu wengi wanaenda mara ya kwanza mwezi wa nane, wanapewa tarehe, ikipita siku nne nyumba nzima imelala kwa wasiwasi na mume anahesabu vidole akiangalia dari. Hakuna aliyewaambia kwamba ile tarehe ni makadirio.

Na hapa lazima niwaguse wenzangu wa kontenti. Tumewafundisha watu kwamba altrasaundi ni keki yenye rangi ya buluu ama pinki ndani, puto linapasuka pale People's Park, watu wanapiga nduru. Sipingi furaha ya mtu. Lakini picha ya wiki ya 18 hadi 22 inaangalia moyo, uti wa mgongo, ubongo, kondo limekaa wapi, maji yako kiasi gani. Kondo likiwa limeziba mlango wa kizazi na hakuna aliyejua, siku ya uchungu ni damu. Jinsia ni kama chenji unayorudishiwa. Nimeona video nyingi za keki kutoka kaunti hii, na ya kueleza kondo bado sijaiona.

Najua jibu la upande wa pili, na sehemu yake ni ya kweli. Mashine ni chache, laini ni ndefu, mtu wa altrasaundi mmoja anaona watu mpaka mkono unauma. Kaunti zilipewa afya tangu 2013, na kila bajeti tunasomewa majengo. Tumetoka NHIF tukaingia SHA Oktoba 2024, na mpaka leo mgonjwa anafika dirishani hajui kama picha yake imelipiwa ama atoe mfukoni. Hizo lawama siwabebeshi wanaoshika mashine. Wao pia wamechoka.

Lakini kuchoka hakuelezi kila kitu. Kurudisha watu kumi kila asubuhi kwa sababu wamekula ni kazi pia, tena ya kelele. Ukimwambia mtu jana, leo laini inasonga. Na ile hoja nyingine, kwamba "wagonjwa wetu hawataelewa", hiyo ndiyo inanikasirisha kabisa. Huyo mama unayesema hataelewa anaweka hesabu ya chama ya watu thelathini kichwani. Kijana wa Kyamwilu, ambaye hakumaliza darasa la nane, anamwagia mgeni maji barabarani, anamwonyesha yakipanda mlima, anampa nadharia mbili tatu za kwa nini, na mgeni anaondoka ameridhika. Fumbo la Kyamwilu tunaeleza kila siku. Kunywa maji lita moja ndiyo imeshindikana?

Ninachotaka kwa kaunti ni kidogo mpaka naona aibu kukiomba. Karatasi ya miadi iwe na mistari minne kwa Kiswahili na Kikamba: uje umekula ama hujala, mkojo ujae ama usijae, kipimo ni cha nje ama cha ndani, bei na kama SHA inalipa. Tangazo moja mlangoni lenye kusema unaweza kuomba mwanamke ama mtu wako awe nawe chumbani. Shuka. Kufuli ya mlango inayofunga.

Mimi nimeanza na upande wangu. Ile mistari minne nimeshaiandika kwa Kiswahili, na susu yangu ananirekebishia ya Kikamba kwa sababu anasema naandika kama mtu wa Nairobi. Ikikamilika naiweka hapa bure, piga picha, tuma kwa grupu za familia, chapisha kwa saibaa ubandike. Wakati huo naomba kitu kimoja kutoka kwenu: angalia karatasi yako ya mwisho ya altrasaundi, funika jina lako na la hospitali, uniambie kuliandikwa nini juu ya kujitayarisha. Kama hakukuandikwa kitu, niambie ulirudishwa mara ngapi na nauli ilikuwa pesa ngapi. Nataka tujumlishe.